Wao wanaandika wanaofika; Tabora tuandike wanaoondoka

Kabla wiki ya pili ya Machi haijaisha, wapenzi wa ndege wa Uingereza wanaulizana swali moja: umeshamwona nani? Wa kwanza kutajwa huwa chif-chaf, kidege chepesi chenye rangi ya majani makavu, ambaye jina lake ndilo wimbo wake. Anafuata yule wa mgongo wa kijivu na kiuno cheupe, anayesimama wima kwenye nyasi fupi za pwani na mashamba yaliyolimwa. Halafu mbayuwayu kahawia, wale wanaochimba mashimo kwenye kingo za mito. Mbayuwayu wa koo jekundu na mkia wa mkasi huonekana mmoja mmoja mwishoni mwa Machi na kujaa Aprili. Kekeo (cuckoo) husikika katikati ya Aprili. Teleka (swift) hawaji mpaka mwisho wa Aprili na Mei.

Kila mwaka huku Uingereza utasikia wakisema "wamerudi nyumbani". Sisi tuliotoka Tabora neno hilo linatukwaruza kidogo. Mbayuwayu akitoa miezi anayolea makinda Ulaya, mwaka uliobaki huumaliza njiani na Afrika. Sherehe ya huku ya Machi, kwa watu wa Tabora ni kuondoka kwa ndege, na kuondoka huko karibu hakuna anayekuandika.

Waingereza wanastahili sifa yao. Robert Marsham wa Norfolk alianza mwaka 1736 kuandika tarehe za dalili za majira ya kuchipua: majani ya kwanza, mbayuwayu wa kwanza, kekeo wa kwanza. Wazao wake waliendelea na daftari hilo mpaka 1958. Hapakuwa na mashine wala ruzuku. Ni familia moja, sehemu moja, kizazi baada ya kizazi. Kwa sababu ya madaftari kama hayo, leo wanaweza kusema kwa hakika kwamba mbayuwayu anafika mapema kuliko miaka ya 1960.

Lakini tarehe ya "wa kwanza" ina maradhi yake, na wataalamu wa huku wanayajua. La kwanza ni Jumamosi na Jumapili: ndege wengi wa kwanza "hufika" siku hizo kwa kuwa ndizo siku watu wako nje. La pili ni wingi wa macho. Watazamaji mia moja watampata aliyetangulia mapema kuliko watazamaji watano, hata kama ndege hawajabadili tarehe. La tatu ni chif-chaf mwenyewe. Baadhi yao siku hizi hawasafiri kabisa, wanajibanza kusini mwa Uingereza majira yote ya baridi. Ukimsikia akiimba tarehe 5 Machi huwezi kuapa kwamba ametoka ng'ambo. Ndiyo maana mtazamaji makini huangalia upepo kwanza: siku mbili za upepo vuguvugu wa kusini huleta wageni, na upepo wa kaskazini huwasimamisha ng'ambo ya bahari. Baridi ikirudi ghafla, mtazamaji huwafuata mbayuwayu kwenye mabwawa, kwa sababu wadudu wanaotoka majini ndio karibu pekee wanaobaki angani.

Chif-chaf hatufikii, yeye huishia zaidi pande za Mediterania na Afrika Magharibi. Anayetufikia ni ndugu yake wa kufanana naye kama pacha, ila huyu miguu yake imepauka na mabawa ni marefu zaidi. Miombo yetu imejaa hawa kuanzia Oktoba, juu kwenye majani, na wengi tunawaita "ndege wadogo" tu.

Sasa tuje nyumbani. Si kweli kwamba watu wa Tabora hawawajui ndege wanaohama. Mwenye mizinga anajua keremkerem wa Ulaya, yule wa koo la njano na mgongo wa dhahabu, anaingia lini. Anamsikia kabla ya kumwona, kundi likipita juu sana na sauti ya kubingirisha ulimi. Anajua pia kwamba keremkerem humpigapiga nyuki kwenye tawi na kumsugua ili kumtoa mwiba, na kwamba siku kundi likitua karibu na mizinga, nyuki hawatoki kama kawaida. Mkulima anajua korongo wakiteremka shambani kuna viwavijeshi au panzi. Kila mtoto anajua kumbikumbi wakitoka, mwewe na mbayuwayu watafuata. Kinachokosekana ni tarehe. Ukiuliza ndege wanaondoka lini, unajibiwa "mvua zikikaribia kuisha". Jibu hilo ni sahihi, lakini mwaka ambao mvua zimechelewa haliwezi kukuambia kama ndege nao wamechelewa.

(Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya ndege magharibi ya Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1880, amebaki na jina lake juu ya keremkerem mmoja mdogo wa miombo, Merops boehmi. Wazee waliomwonyesha njia bila shaka walikuwa na jina lao kwa ndege huyo. Aliyeandika ndiye aliyebaki.)

Kuandika kuondoka ni kazi ngumu kuliko kuandika kufika, na hapa ndipo desturi ya huku haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Wa kwanza unamjua siku ileile unapomwona. Wa mwisho humjui mpaka ameshakwenda. Kwa hiyo lazima uandike kila siku, pamoja na siku za sifuri. Sifuri ni rekodi. Nafasi tupu si rekodi.

Kwa mbayuwayu, chagua kipande kimoja cha nyaya za umeme, nguzo tano au sita, karibu na bwawa au shamba wazi. Anza katikati ya Februari, endelea mpaka mwisho wa Aprili. Hesabu saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu, wanapojikusanya kabla ya kwenda kulala. Wahesabu kumi kumi, nguzo hadi nguzo, mara mbili, uandike idadi kubwa. Ongeza mvua ilinyesha au la, na upepo unatoka wapi. Tazama pia mkia: huyu hubadilisha manyoya yake akiwa Afrika, na nyuzi za pembeni za mkia huwa fupi au hazilingani mpaka karibu na safari. Kundi lenye mikia mirefu iliyokamilika ni kundi linalokaribia kuondoka.

Kuna makosa matatu ya kuepuka. Moja, kuchanganya wenyeji na wageni. Mbayuwayu wa Angola anaishi kwetu mwaka mzima. Wekundu wa koo lake hushuka hadi kifuani, tumbo lina ukijivu, na ule mkanda mweusi chini ya koo umekatika. Mgeni ana mkanda mzima, tumbo jeupe au la krimu. Yule wa kichwa chekundu na tumbo jeupe kabisa, mwenye nyuzi nyembamba mkiani, naye ni mwenyeji. Ukiwaweka wote chini ya neno "mbayuwayu", daftari lako halitaonyesha aliyeondoka.

La pili linawapata hata wazoefu. Idadi hupanda Machi kabla ya kushuka, kwa sababu waliokuwa kusini zaidi wanapita kwetu wakielekea kaskazini. Wale uliokaa nao tangu Novemba huenda wameshaondoka, na unaowahesabu ni wapitaji. Usiitegemee tarehe ya mwisho pekee. Tafuta siku ambayo idadi imeshuka chini ya nusu ya wiki iliyotangulia na haikupanda tena. Tatu, malazi. Hulala kwenye matete, miwa au mahindi. Shamba likivunwa wanahamia kwingine usiku mmoja, na nyaya zako zinakuwa tupu bila mtu yeyote kusafiri. Kabla ya kuandika kwamba wameondoka, zunguka kilomita mbili tatu.

Na wala msiwaambie watoto kwamba ndege wa nyaya za Tabora ndio hawa wa Uingereza. Mbayuwayu wa Uingereza wengi hupitisha baridi Afrika Kusini. Kekeo wa Uingereza, waliofungwa vifaa vya setilaiti tangu 2011, huishia misitu ya Kongo, ng'ambo ya ziwa ukisimama Kigoma.

Korongo weupe ni rahisi zaidi. Hawaruki mapema, wanangoja ardhi ipate joto, kama saa tatu au nne asubuhi, kisha wanapanda kwa kuzunguka. Usiwahesabu wakizunguka, utawarudia. Ngoja wanyooke kutoka juu ya mzunguko, mmoja nyuma ya mwingine. Ndege huyu ndiye aliyewafundisha Wazungu kwamba ndege huhamia Afrika: mwaka 1822 aliuawa mmoja karibu na Klütz, Ujerumani, akiwa amechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika. Mpaka leo yupo Chuo Kikuu cha Rostock.

Kwa tulioko nje, tunaotuma simu na viatu: darubini ya 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya mbele ni milimita 42) ni zawadi nzuri kuliko ile ndogo ya 10x25, ambayo jioni inakuwa giza na inatikisika. Aliyepokea asiifungie kwenye mfuko wa ngozi wakati wa masika, lenzi zitaota ukungu. Aiache mahali penye hewa. Programu ya simu ya kurekodi ndege, eBird, hufanya kazi bila mtandao na kutuma rekodi baadaye, lakini daftari la karatasi lililofungwa kwenye nailoni linatosha kabisa.

Siku kumi za sifuri mfululizo, fungeni hesabu ya mwaka. Kuanzia Septemba kazi inageuka: sasa ni ninyi mnaopokea, na maradhi yote ya "wa kwanza" yanahamia kwenu. Kwa keremkerem anzeni na wenye mizinga, na muwaulize tarehe, si mwezi.