Mashallah, Kisha Nionyeshe Wapi

Mwaka jana nilimaliza uso wa kasha la mvule kwa nakshi za Siyu: pembetatu na nyota zilizochongwa kwa patasi, kisha zikatiwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nikauweka barazani hapa Amu, yaani Lamu, na kila apitaye akasema, "Mashallah." Nilifurahi. Lakini jioni niliutazama tena nikaona kuna kitu hakijakaa sawa, na katika sifa zote zile hakuna iliyonisaidia kukijua.

Kesho yake akaja ami mmoja, fundi wa siku nyingi. Alisimama kimya, halafu akaweka kiganja katikati ya ubao. "Tizama sasa," akasema. "Mato yangu yalikuwa hayana pa kupumzika." Kweli, mkono wake ulipofunika nusu ya kazi, nyota zilizobaki zikaonekana. Nilikuwa nimejaza kila mahali kwa kuogopa kwamba mbao tupu itadhaniwa ni uvivu. Kwenye kasha lililofuata niliacha vidole vinne vya mbao bila chochote kuizunguka nyota ya kati.

Siyu iko kisiwa cha Pate, na ukitoka Amu unakwenda kwa boti ukisubiri maji yajae. Milango yake yenye rangi ndiyo tuliyoishika vijana wachache tulipoanza kuirudisha nakshi hii kwenye makasha na fremu za vioo. Mwanzo tulinakili tu, na sioni aibu, maana mkono hujifunza kwa kufuata. Ila mlango hutazamwa na mtu aliyesimama njiani, na kasha liko chini ya kitanda. Tofauti hiyo sikuifikiria mpaka nilipoambiwa na wanaolitumia.

Mama mmoja aliyenunua kasha langu alinisimamisha sokoni. "Mwanangu, kazi yako nzuri, lakini vumbi laniua. Kitambaa hakifiki ndani." Nilichimba sana, nikidhani kina ndio ufundi. Nikapunguza. Miezi kadhaa baadaye nilifika Siyu, nikapitisha kidole kwenye mlango wa zamani, nikakuta chale zake ni za juujuu. Yule mama hakutaja asili wala urithi, alizungumzia vumbi lake, na akanirudisha kwenye mkono wa wazee.

Nashangaa kwa nini jambo hili la kuonyeshwa kasoro ilipo ni gumu kwetu mafundi, na mji huu ni wa washairi. Mtu akighani shairi barazani na mshororo ukatoka na mizani 15, ataulizwa hapo hapo ya 16 iko wapi. Hachukii. Kesho analeta shairi lililosimama. Mchongaji hapewi heshima hiyo. Nadhani watu wanaogopa kutuvunja moyo kwa kuwa wanajua riziki yenyewe ni ya shida, na nawashukuru kwa huruma yao, ila huruma hiyo inauacha mkono pale pale ulipo.

Kuna na wale wanaosema, "Hii si ya asili." Neno hili linaniumiza kuliko yote. Milango ya pwani yenyewe imechukua mengi kutoka Bara Hindi na Uarabuni, na wachongaji wake hawakuacha kuwa Waswahili. Ukiniambia nyekundu yangu inang'aa mno, nitatafuta iliyofifia. Ukiniambia si ya asili, umenipa nini cha kushika? Kijana mmoja aliambiwa hivyo mbele za watu, na alikuwa na mkono mwepesi kunishinda. Sasa anabeba mawe ya ujenzi kwa punda, na kila nikimwona kwenye vichochoro naumia.

Wiki hii nina fremu ya kioo mezani. Nimejaribu kutia kwenye pembe zake nne lile jicho la duara la kwenye omo, sehemu ya mbele ya majahazi, kitu ambacho sikukiona kwenye mlango wowote wa Siyu. Ami alipita jana alasiri. Akaangalia la kwanza, la pili, la tatu, hakusema kitu. Kwenye la nne akaweka dole gumba.

"Hili limelala."

Akachukua penseli kutoka sikioni mwangu, akapiga mstari mmoja mfupi chini ya duara. Nimeshalipitisha msasa jicho lile. Mstari wake nimeuacha pale pale, na leo baada ya alasiri nashika patasi.