Pampu ya spana moja na sisi tunaosubiri mfadhili

Jamani leo niseme. Huku Uingereza niko kwenye shamba la kilimo hai, najitolea, yaani unafanya kazi masaa kadhaa kwa siku, wenyeji wanakupa chakula na mahali pa kulala, hakuna hela. Utaratibu huu ulianza hukuhuku mwaka 1971, watu wa mjini wakienda wikiendi kusaidia mashambani, sasa umeenea dunia nzima.

Hapa kuna pampu wanaiita haidramu. Haili mafuta wala umeme. Maji ya kijito yanateremka kwenye bomba kwa kasi, valvu inajifunga ghafla, presha inapanda, maji kidogo yanasukumwa juu mpaka kwenye tanki na mengine yanamwagika chini yaendelee na safari. Tak, tak, tak usiku na mchana. Mfaransa mmoja, Montgolfier, aliibuni mwaka 1796, na bado inafanya kazi.

Juzi ikanyamaza. Mama mwenye shamba akaenda na spana mbili, akafungua nati, akatoa raba ya valvu imechakaa, akakata nyingine kwenye tyubu kuukuu ya tairi, akarudisha, tak tak ikaanza tena. Halafu akaandika tarehe kwenye daftari linaloning'inia pale kwenye banda. Hakuna kikao hakuna barua, na wala hakuna aliyesema tusubiri wahusika.

Nilifurahi kwa kweli, halafu nikakasirika, maana nyumbani mnajua wenyewe. Pampu inazinduliwa kwa utepe na hotuba, mwaka wa pili raba inakatika, kina mama wanarudi mtoni na ndoo, na pampu imesimama pale na bango la mradi halijapauka hata rangi. Na kinachoniuma zaidi, Afridev, ile pampu ya mkono ya kisimani tunayoijua wote, ilitengenezwa miaka ya 1980 hukohuko kwetu Afrika, Malawi na Kenya, na shabaha ilikuwa hiyohiyo, kijiji kiitengeneze chenyewe. Spana moja inatosha kuifungua! Sasa spana yenyewe iko wapi? Kwa mwenyekiti. Mwenyekiti yuko wapi? Amesafiri. Na hela ya raba ilichangwa, ikaishia hewani.

Najua mtu atasema "umeenda majuu juzi tu ushaanza kutudharau." Sikudharau ndugu yangu. Ningekuwa nadharau nisingepoteza bando langu kuandika haya. Mwingine ataniambia wao wana hela ndo maana. Hela gani, kwenye kipande cha tyubu?

Na msidhani huku kila kitu wamegundua wao. Kuna siku kijana mmoja hapa alikuwa anatufundisha kupanda mimea inayofukuza wadudu pamoja na ile inayowavuta, nikamwambia kaka subiri kidogo, hiyo ya kupanda mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya nepia pembeni wameifanyia kazi watafiti wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya, wakishirikiana na wenzao wa hapahapa Uingereza. Desmodiamu inawafukuza nondo wa funza wanaotoboa mabua na inazuia gugu la kiduha, nepia inawavuta watoke shambani. Akanisikiliza, akaomba nimweleze vizuri. Nilijisikia fahari jamani, siwadanganyi. Na Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, aliyerudisha ardhi iliyokufa kwa kuchimba vishimo vya zai na kuvijaza samadi, alikuwa mkulima tu. Kwa hiyo akili tunayo tena nyingi, msinilishe maneno.

Kuna wanaouliza kwa nini sisi tupewe vipampu wakati wao wana matrekta. Swali la haki kabisa. Mimi mwenyewe nataka matrekta. Ila trekta nalo lina raba, lina filta, lina nati, na kama pampu ya spana moja imetushinda kuitunza sijui hilo trekta tutalipeleka wapi.

Wewe uliyeko kwenye kamati ya maji, kabla hamjasaini kupokea mradi mwingine, dai vitu vitatu: spea kwenye boksi, spana zikae kwa watu wawili tofauti, na mafundi wa palepale kijijini wafundishwe mbele ya watu wote, wakiwemo wanawake maana wao ndo wanaochota. Wakikataa, msisaini.