Aliyeshindwa Huimba Kwanza

Nilipohamia Newburgh, jimbo la New York, mpira wao sikuuelewa wala sikutaka kuuelewa. Wanauita futiboli, na mguu unaugusa kwa nadra kama nyama kwenye maharage ya shule. Wanacheza sekunde tano, wanasimama, wanapanga mstari, linakuja tangazo la gari. Mimi nimekulia Tabora, Simba tangu tumboni. Niliona huu ni mchezo wa watu wasio na haraka ya kurudi nyumbani.

Aliyenibadilisha ni mzee mmoja ninayemhudumia. Kazi yangu huku ni kulea wazee majumbani kwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwasikiliza. Huyu alisoma Chuo cha Kijeshi cha West Point, ambacho kutoka kwetu ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, kando ya mto Hudson. Jumamosi yoyote ya vuli lazima kiti chake kigeuzwe kielekee runinga, na mimi nikae karibu nielezwe, nipende nisipende.

Basi msimu wa 2024 ukanikuta hapo. Timu ya West Point, ambayo watu huku huiita Jeshi tu, ilikuwa imejiunga na ligi kwa mara nyingine baada ya miaka mingi ya kujichezea yenyewe. Ikashinda mechi zake zote nane za ligi. Uchezaji wao ndio ulionivuta. Hawarushi mpira hewani sana kama wengine. Wanaubeba, yadi tatu, yadi nne, yadi tatu tena, kama mtu anayelima kwa jembe la mkono huku jirani ana trekta. Dhidi ya North Texas, Novemba, walienda yadi 94, karibu uwanja mzima, kwa shambulizi moja lililokula karibu dakika 14. Wapinzani walikaa benchi wanatazama saa. Mzee alicheka hadi akakohoa.

Sababu anaieleza vizuri. Mchezaji wa pale ni mwanajeshi mtarajiwa kwanza. Lazima apite vipimo vya jeshi, kwa hiyo huwezi kujaza uwanja majitu ya kilo 150. Haruhusiwi kuvuna pesa za matangazo kama wanavyovuna siku hizi wachezaji wa vyuo vya kawaida. Akimaliza masomo anadaiwa miaka mitano ya utumishi. Bryson Daily, yule kijana aliyekuwa akianzisha mashambulizi yao, alifunga mara 32 msimu ule kwa kukimbia na mpira mkononi, na bado asubuhi alikuwa anapanga kitanda chake na kukaguliwa kama kuruta yeyote. Uwanja wenyewe, Michie, umepewa jina la Dennis Michie, kijana aliyeunda timu ya kwanza mwaka 1890. Miaka minane baadaye aliuawa vitani Cuba.

Desemba 6 mtoto wa mzee alinipa tiketi ya fainali ya ligi dhidi ya Tulane. Ilikuwa Ijumaa usiku, baridi inayouma meno. Upande mmoja wa uwanja ulikuwa kwenye ujenzi, upande mwingine vijana wamesimama na makoti yao ya kijivu, safu kwa safu, hawakai. Pembeni kuna nyumbu. Si wa Serengeti, ni wale wa punda na farasi. Ndio alama ya timu. Kila Jeshi likifunga, mzinga unalia mpaka unausikia kifuani. Mara ya kwanza niliinama. Bibi wa jirani aliyevaa kofia ya sufu akanipigapiga begani, akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Walishinda 35-14. Ubingwa wa kwanza wa ligi katika historia yote ya timu.

Nikarudi kwa mzee nimebeba furaha kama ya kwangu. Akaniambia: vizuri, lakini bado wanamaji.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia harufu ya nyumbani. Chuo cha jeshi la nchi kavu na chuo cha wanamaji cha Annapolis wamekuwa wakikutana tangu 1890, na kwa mtu wa West Point unaweza kufungwa na dunia nzima ukasamehewa, mradi umfunge huyo mmoja. Wanatukanana mwaka mzima. Alama ya wanamaji ni mbuzi, na vijana wa West Point wana mila ya kwenda kumwiba, ingawa wakubwa wa vyuo vyote viwili wamepiga marufuku. Mwaka 2021 walivamia usiku, wakakurupuka gizani, wakarudi na mbuzi asiye mwenyewe: mzee, mstaafu, mwenye pembe moja.

Nilimwambia mzee kwamba kwetu kitu hiki kina jina. Ni utani. Nikamsimulia mazishi ya babu yangu: sisi Wanyamwezi, na watani wetu Wazaramo. Mama mmoja wa Kizaramo alilala chali mlangoni, jeneza halipiti mpaka alipwe, huku anamsema marehemu kwamba alikuwa mchoyo hata wa kufa, kachelewa. Watu waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Mzee akataka kujua alilipwa nini. Kuku wawili.

Desemba 14 wakacheza Landover, Maryland. Jeshi likapigwa 31-13. Timu iliyokuwa bingwa siku nane tu nyuma! Mzee hakusema neno robo nzima ya mwisho. Kisha ikafika sehemu niliyokuwa siijui. Mechi ikiisha, wachezaji wa pande zote mbili huenda pamoja kusimama mbele ya wanafunzi wa chuo kilichoshindwa, na wimbo wa chuo hicho unaimbwa kwanza. Halafu wote wanavuka uwanja kwenda kwa walioshinda, wimbo wao unafuata. Ndiyo maana hamu ya kila upande ni kuimba wa pili. Mzee aliniomba nimwondolee blanketi magotini. Akanyoosha mgongo kadiri alivyoweza, akaimba wa chuo chake. Ulipoanza wa wanamaji alinyamaza, lakini niliposhika rimoti akaukamata mkono wangu.

Tarehe 28 Jeshi likafunga msimu kwa kuipiga Louisiana Tech 27-6, ushindi wa 12, idadi ambayo hawakuwahi kuifikia kabla. Awali walipangiwa chuo cha Marshall, ila Marshall walijitoa kwa sababu wachezaji wao wengi walikuwa wanatafuta vyuo vingine. Mzee aliangalia nusu, akalala.

Sasa nyumbani. Timu za majeshi tunazo: JKT Tanzania, Mashujaa ya Kigoma, na Prisons ya Mbeya kwa upande wa magereza. Ni timu ngumu, ukienda kwao jiandae kuumia. Lakini zinasajili kama klabu yoyote, na raia wa kawaida hana sababu ya kuzililia. Chuo cha kijeshi cha Monduli tunakiona kwenye runinga siku Rais anapotunuku kamisheni, basi. Ningelipa nauli kutazama maafisa wanafunzi wale wakicheza na wenzao wa chuo kingine, kabla hawajawa mabwana wakubwa wa kupigiwa saluti.

Ila kinachoniuma zaidi ni dabi. Simba na Yanga tunaitana watani wa jadi, na kwa utani wa kila siku hatuna mpinzani. Wamarekani hawa wana siku moja ya ratiba. Sisi tuna kijiwe, daladala, kazini, msibani. Ndugu yangu akifungwa, kesho ananunua chai kwa lazima. Lakini utani una sheria, na ya kwanza ni kwamba mtani hasusi. Dabi ya Machi 8, 2025 iliahirishwa kwa mzozo: Simba tulizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, tukasema hatuchezi, yakafuata matamko, kila upande na karatasi yake. Niliomba ruhusa kazini kuitazama. Mzee akauliza kwa nini nimenuna, nikashindwa kumweleza. Ningemwambiaje kwamba watani wa jadi wamegeuka mawakili? Upande wangu nao siutetei.

Ilichezwa Juni 25. Yanga wakatupiga 2-0 na ubingwa wakachukua. Kabla filimbi haijapoa, simu ikaita kutoka Mbagala: mtani wangu, Mzaramo, tuliyesoma naye Tabora. Hakusalimia. Alitaka mbuzi. Nikamtumia pesa usiku uleule, na kesho yake akanitumia picha ya mbuzi kafungwa kwenye mnazi. Nikamwonyesha mzee. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akahesabu pembe.