Mjomba Yuko Njiani

Nani alimwambia shemeji yake mjomba kwamba dalali wa mahindi wa Kibaigwa anahitaji peja, kile kidude cha kuchomeka kiunoni cha kupokelea ujumbe, mpaka leo sijui. Shemeji alikuja kutoka Chicago, akalala kwetu usiku mmoja, akagawa fulana ukoo mzima, akaacha na kile kidude, kisha huyo, akapanda basi la Dar. Maelezo yake yalikuwa mafupi: "Kule ukiichomeka hii kiunoni, watu wanajua una kazi." Mjomba akaichomeka asubuhi ileile, akaanza kutembea ameinamia upande mmoja ili mkanda uonekane.

Mwaka ni 2002. Simu za mkononi zilikuwa za matajiri wa malori, na wao wenyewe kuupata mtandao ilibidi wapande kwenye kichuguu. Sasa peja ya mjomba haikuwa ile ya kupokea namba ukakimbilie simu ya posta. Hii ilikuwa ya kupokea na kujibu: ukiifunua unakuta kioo kidogo na kibodi yenye herufi zote, vitufe kama punje za mtama. Ilikula betri moja tu, ile ya saa ya ukutani. Wamarekani walianza kujibizana kwa peja mwaka 1995, Motorola walipotoa yao wakaiita Tango, msicheke, na hiyo haikuwa na herufi. Unachagua jibu lililopangwa tayari. Yetu ilikuwa na vyote viwili, herufi na majibu ya kuchagua: Ndiyo, Hapana, Nipigie, Nitachelewa, Niko njiani.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, kwa hiyo Kiingereza cha nyumba nzima kilikuwa juu yangu. Nikakisoma kijitabu chake kwa kibatari. Kilisema wazi kwamba peja huongea na minara ya mtandao wake: mnara ukiiona unaishushia ujumbe, nayo inarudisha taarifa kuwa umefika. Isipoonekana, ujumbe unatunzwa hadi siku itakapoonekana. Na minara yenyewe iko kwao. Nikamsomea mjomba yote hayo. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Mpwa wangu," akasema, "wewe nisomee ukurasa wa kubonyeza. Huo wa minara waachie wenye minara."

Ikapita wiki peja imenyamaza. Kisha mchana mmoja, tuko kijiweni na madalali wenzake, ikalia: ti! ti! Watu wote wakasimama. Mimi nilijua ni betri inalalamika, maana na hilo nilikuwa nimelisoma, lakini mjomba alikuwa ameshaifunua na anabonyeza kila kitufe kwa vidole vyenye vumbi la pumba. Katika kubonyeza huko akafungua ujumbe wa zamani uliobaki humo. Akanipa nisome mbele ya kadamnasi.

"Inahitajika mifuko arobaini kabla ya Ijumaa. Jibu."

Kijiwe kizima kikapiga mluzi.

"Mjomba," nikamnong'oneza, "huu ni wa mwaka jana. Tarehe hii hapa."

"Tarehe za Marekani ziko nyuma yetu. Hamkufundishwa jiografia?"

Tulifundishwa. Chicago wako nyuma yetu saa nane au tisa kutegemea majira, si miezi kumi na moja. Lakini utamwambiaje mtu ambaye ameshaanza kuita wapakiaji? Jioni hiyo magunia arobaini yalikuwa yamesimama mbele ya nyumba, tena lumbesa, yamevimba vichwa, kwa sababu mteja wa ng'ambo lazima aheshimiwe. Nusu aliyachukua kwa mkopo. Anti, mke wake, aliyazunguka mara moja, akauliza, "Huyu mteja anakuja na ndege?" akarudi jikoni kwenye mlenda wake.

Usiku tukakaa kujibu. Betri mpya tulishaweka. Mjomba alichagua mwenyewe: Niko njiani. "Mteja ukimwambia ndiyo anajua unabembeleza," akanifundisha. Nikabonyeza. Peja ikatafuta, ikatafuta, ikaandika kwamba hakuna mtandao na ujumbe umewekwa kusubiri.

"Tuko chini sana," akasema.

Kando ya barabara kuu lilikuwa limeegeshwa lori lililojaa mahindi hadi juu, dereva na utingo wako hotelini wanakula. Mjomba akapanda. Alikuwa na kaptula na fulana ya Chicago, peja ameinua juu kwa mikono miwili. "Inatafuta!" akawa ananipigia kelele. "Mpwa, inatafuta!"

Utingo akatoka anachokonoa meno, akagonga bodi mara mbili, lori likaondoka.

Nilikimbia, nikapiga kelele, nikavua kandambili nikakimbia tena. Lile dizeli lilivyounguruma, hata angekuwa na tarumbeta asingesikika. Nikakiona tu kile kioo cha peja kinawaka kijani juu ya magunia, kinapungua, kinapungua, kuelekea Morogoro. Na kwa mara ya kwanza tangu kije Tanzania, kidude kile kilikuwa kimeandika ukweli.

Anti nilipomweleza aliketi chini kabisa akacheka mpaka akashika mbavu, ndipo akauliza kama amevaa sweta.

Walimgundua Gairo, waliposimama kukaza kamba. Mnaoijua baridi ya Gairo usiku, na upepo wake, mfikirieni mtu wa kaptula. Alfajiri konda wa basi lililokuwa linapanda Dodoma akatukabidhi ujumbe wa mdomo: mzee yuko Gairo kwa mama ntilie, anaomba suruali, sweta na nauli. Tukavifunga kwenye mfuko, tukampa konda wa basi linaloshuka. Mchana mjomba akawa nyumbani, midomo imepauka, peja bado iko mkononi.

Magunia yaliuzwa kwa tajiri wa kawaida, kwa bei ya kawaida, na ile lumbesa akaichukua bure.

Shemeji alipokuja tena tulimwonyesha ule ujumbe. Akacheka peke yake kwanza. Kumbe alikuwa akifanya kazi ghalani, na mifuko ile ilikuwa ya chumvi. Kule theluji ikianguka wanamwaga chumvi barabarani ili iyeyuke.

Mjomba alinyamaza, anafikiri.

"Wanamwaga chini? Chumvi nzima?"

"Chini, shemeji."

"Basi hao," akasema huku akivuta bakuli la mlenda, "hata mahindi wasingenilipa."