Nani Kafa? Hakuna, Nakimbia Tu

Asubuhi hii nimetoka nyumbani nyota zinaonekana, simu inaniambia leo jua siku nzima, wameweka na kile kipicha cha jua linachekelea. Sijafika hata kwenye ile mibuyu ya huku Mikindani, Mtwara, nimelowa mpaka ndani ya mfuko wa bukta. Na si manyunyu, ile mvua yenyewe ya mbele huoni nyuma huoni. Nimefika nikajibanza, nikatoa simu kuiangalia, jua bado linachekelea.

Mwezi wa nne unaisha jamani. Masika si ilishaaga? Wenye mikorosho wameshaanza kuulizana habari za salfa, ile dawa ya mikorosho, sisi wengine tukasema haya, sasa mtu atakimbia kwa amani. Kumbe tupo kwenye tanga mbili, upepo wa kaskazi umeshakata na wa kusi haujakaa sawasawa, kila mmoja anafanya anavyotaka. Kusi ikikolea angalau mtu unajua, ukielekea upande wa mjini inakupiga usoni, unavumilia kwa sababu kurudi utasukumwa. Sasa hivi unaenda inakupiga uso, unageuka na yenyewe inageuka. Halafu jua lenyewe msimu huu linachelewa, saa kumi na mbili kasorobo bado giza, huoni dimbwi, dimbwi unalisikia kwa mguu.

Na mimi sikimbii kwa kupenda, tuelewane. Daktari alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapima, akanyamaza, akapima tena mkono wa pili kama vile ule wa kwanza ulimdanganya. Akasema mzee, chagua, ukimbie mwenyewe au siku moja tukukimbize sisi na kitanda cha magurudumu. Ndo nikanunua raba.

Nikaingia kwenye simu kutafuta ushauri wa mtu anayekimbia kipindi cha hali ya hewa isiyoeleweka. Ushauri nimeupata mwingi, wa Waingereza. Wao huko majira ya kuchipua yanaanza mwezi wa tatu, asubuhi barafu mchana jua jioni mvua, kwa hiyo wanakwambia vaa nguo tabaka tabaka, vaa glavu na kofia ya sufu, halafu unapunguza moja moja kadiri unavyopata joto. Mimi nipite Mikindani na glavu alfajiri? Nitakamatwa. Huku tunalala na feni, umeme ukiwepo lakini (na gesi inachimbwa Msimbati hapo pua na mdomo, haya tuyaache), mtu ukitoka nje umeshapunguza vyote vya kupunguzika, umebaki na bukta na heshima yako.

Mbwa wa pale kwenye gereji sitawazungumzia. Wenyewe wanajijua.

Nachotaka kuzungumzia ni binadamu. Livingstone alianzia hapahapa Mikindani mwaka 1866, safari yake ya mwisho, akaondoka kwa miguu kuelekea bara, akatembea na homa zake na mvua zake mpaka 1873 akafia kule Chitambo, Zambia ya leo. Kuna nyumba wameiwekea mpaka kibao. Miaka yote hiyo yuko njiani sijasoma popote kwamba mtu alimsimamisha akamuuliza nani kafa. Mimi natoka kwangu naenda na kurudi, naulizwa kila nyumba.

Sasa leo. Mvua imenikuta nipo mbali na kila kitu, nikaongeza mwendo nikajibanze kwenye kibanda cha bi mkubwa mmoja anayekaanga vitumbua kando ya barabara. Kuna taa ya chaji, kuna benchi, kuna mzee kavaa msuli anakunywa kahawa, na vijana wawili wa boda wamekimbia mvua na wenyewe. Mimi nikatokea gizani nakuja mbio, nimelowa chapachapa, mdomo wazi. Na huku kwetu mtu mzima akikujia hivyo alfajiri hana habari nyingine ya kuleta, ni hiyo moja tu.

Bi mkubwa akasimama na kijiti chake cha kugeuzia, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko wala hasikii.

"Njomba, nani?"

Mi pumzi sina. Nikanyoosha mkono, yaani subiri kwanza nihemee. Kumbe ule mkono nimeunyoosha upande wa Naliendele.

"Dada!" akapiga kelele. "Dada yangu wa Naliendele! Nilijua mimi, jana nimeota jino limeng'oka!"

Nikatikisa kichwa kukataa. Lakini mtu uliyetoka mbio kichwa hakitikisiki vizuri, kinaning'inia, wote pale wakaona nasikitika. Mzee wa msuli akaweka kikombe chini, akavua kofia, akasoma inna lillahi mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Imekuwa saa ngapi?"

"Hakuna aliyekufa, mzee wangu. Nakimbia tu."

"Unakimbia nini?"

"Nakimbia mazoezi."

"Na mvua hii?"

"Mvua imenikuta njiani."

Akaniangalia wee. Akanishika bega. "Mwanangu, mtu mzima hafichwi. Mwambie polepole, ila mwambie."

Nikamgeukia bi mkubwa, nikamwambia mama, kweli tena, dada yako simjui, sijawahi kumwona. Ndo nikaharibu zaidi, maana akasema eeh, kwa hiyo wamemtuma mtu baki ili mimi nisisome usoni. Akaketi chini, kanga kichwani. Kijana mmoja wa boda akawasha pikipiki hapohapo, "Mama panda, Naliendele buku tano." Mvua ikazidi, akasema buku saba. Hakuwa hata ameona machozi vizuri.

Yule kijana wa pili Mungu amweke, ndo akapata akili ya kusema tupige simu. Ikaita. Ikaita tena. Kila ikiita bila kupokelewa mzee anaongeza dua. Mara ikapokelewa, wameweka sauti ya nje, sauti ya mtu aliyeamshwa na hajafurahi.

"Nani kafa?" akasema. Hajasalimia.

"We," bi mkubwa akajibu.

"Mimi?"

"Ndo tumeletewa habari."

Kimya. Mvua tu juu ya bati.

"Mimi nipo," ikasema simu, "nimelala, nasubiri mvua ikatike niende shamba. Nani kaleta hiyo habari?"

Macho yote kwangu. Hata yule wa buku saba, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anafanya biashara ya marehemu. Nikapewa simu. Mama wa watu akanianza: wewe mtoto wa nani, ukoo wenu wapi, mama yako nani, huyo mama yako ndo alikufundisha kuua watu alfajiri? Mi nimesimama, raba zinatoa maji kila nikihamisha mguu, chwaku, chwaku, najibu naam, naam, nimeitaja familia yetu mpaka kwa babu mzaa bibi, ikaonekana bibi yangu na mama yake walishawahi kukaa mtaa mmoja na kuna sufuria halikurudishwa. Sufuria hilo nadaiwa mimi sasa.

Tunamaliza hiyo, harufu. Chuma kizima cha vitumbua kimeungua, vyeusi tii. Bi mkubwa, ambaye huzuni imeshamtoka yote, akasema haya, hivi vya nani? Mia mbili kila kimoja. Nikatoa ile noti yangu ya dharura kwenye bukta, imelowa haifunguki, tukaianika pembeni ya jiko, watu wazima watano tunasubiri hela ikauke.

Na huku tunasubiri, mzee ndo akaona wakati mzuri wa kuchambua mbio zangu. Akasema yeye anamkumbuka Filbert Bayi mwaka 1974, kule Christchurch, mita 1500, rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32, kaongoza toka mlio wa kwanza mpaka utepe, hakutaka kumwona mtu mbele yake. "Yule alikuwa anakimbia. Ulivyokuja wewe sikuona kitu cha Bayi." Kijana wa boda akasema mzee acha mambo ya zamani, huyu ni Simbu, Simbu si juzi tu Septemba 2025 kachukua dhahabu ya marathoni Tokyo, kampita Mjerumani kwenye utepe kwa sekunde 0.03, hata kope haijafunga. Wananiita Simbu njia nzima toka siku ile, na si kwa kunisifia. Mzee akakataa. Akasema kwa ule mguu alivyokuwa anauburuta huyu ni Akhwari wa marathoni, Mexico 1968, goti limeumia lakini kang'ang'ana mpaka mwisho. Hapo kidogo nikajisikia, nikakaa vizuri kwenye benchi.

Bi mkubwa hajainua hata uso, anafuta chuma chake. "Akhwari alimaliza," akasema. "Huyu kaishia kwangu."

Nikauliza basi mzee, hii mvua vipi. Akatoka nje ya kibanda, akaangalia baharini, akanusa, akarudi. Dakika tano tu hii, akasema, mimi bahari hii nimevua toka sijaota ndevu. Tukakaa mpaka taa ya chaji ikaanza kufifia. Akatuhadithia Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, shule zimefungwa, maduka yamefungwa, mji mzima umejikunyata unasubiri, kimbunga kikaenda kushukia Msumbiji, na kwamba yeye alishasema mapema hakitafika. Mi nikawa najiuliza kama siku ile napo alinusa. Simu na jua lake, mzee na pua yake, katikati nipo mimi nimekaa na bukta ya maji.

Mvua ikakatika yenyewe bila kumshirikisha mtu. Jua likatoka hapohapo, lile la kuchoma, barabara inafuka mvuke, na unyevu ule ukivuta pumzi unaimeza. Nimerudi nyumbani natembea. Nimesalimiwa pole njia nzima. Mwanzoni nikadhani pole ya mvua.

Nafika, mke wangu yupo mlangoni kavaa kanga za msibani.

"Mbona hukuniambia kwamba dada wa Bi Vitumbua kafariki? Nimeambiwa na watu."

"Hajafariki."

"Wee! Nimeshatuma mchango elfu tano."

"Umemtumia nani?"

Hajui. Katumiwa namba kwenye grupu la akina mama, imeandikwa rambirambi, akatuma na ya kutolea. Mwili haujapatikana, tena una hasira upo Naliendele unasubiri kwenda shamba, lakini mweka hazina keshapatikana! Hapa sasa sitanii. Mvua sikasiriki, mvua ni ya Mungu, upepo wa Mungu. Lakini ni mtu gani huyu anayeamka saa kumi na mbili asubuhi na namba ya kupokelea hela tayari? Kenneth ilitangazwa siku kadhaa kabla, huyu kaiwahi hata maiti yenyewe. Nimepiga ile namba, inatumika. Nimepiga tena, inatumika. Bila shaka anapokea pole.

Raba nimezianika juu ya bati, moja imekauka, ya pili kunguru kaivuta kamba kaiangusha kwenye ndoo. Haya.

Mtu ananiambia si ujiunge na kile kikundi cha joging cha mtaani, wale wanaokimbia Jumamosi na filimbi na nyimbo, ukiwa kwenye kundi hakuna wa kukuuliza nani kafa. Ni kweli, nilishajiunga. Ukweli wale wanakimbia, sikatai, wanakimbia kutoka kwenye mbuyu mpaka kwenye supu ya pweza. Baada ya supu kinaanza kikao. Kikao kina mwenyekiti, kina katibu, kina mjumbe wa nidhamu ambaye mwenyewe huwa anakuja na bajaji anatukuta kwenye supu. Ajenda ya kwanza fulana, ya pili fulana, mengineyo fulana. Elfu kumi na tano kila mtu, tutafanana, tukienda bonanza Lindi watu watujue. Nikauliza na mvua ikinyesha siku ya kukimbia tunafanyaje, wakaniambia mvua ikinyesha tunaenda moja kwa moja kwenye supu, hiyo ipo kwenye katiba.

Hela nilitoa toka korosho za msimu uliopita zipo ghalani. Fulana zimekuja wiki iliyopita, rangi ya chungwa ile ya kutoboa macho, mgongoni wameandika jina la kikundi na wamekosea herufi, na yangu ni ya saizi ya mtoto wa darasa la nne. Nikamwambia katibu hii hainiingii, akaniangalia tumbo, akasema si ndo lengo la mazoezi. Sasa niseme hapa mbele ya watu, ile fulana mimi sivai, na elfu kumi na tano yangu naitaka kabla ya Jumamosi, taslimu, mkononi, isipitie kwenye namba ya mtu.