MP3 na waya wake: hesabu ya sikio kwenye basi la Dar

Mpwa wangu anajiandaa kwenda chuo Dar es Salaam. Juzi alinikuta barazani hapa Mtwara mjini nimeshika kidude changu cha nyimbo, kile ambacho kila mtu anakiita MP3: vitufe vitano, kioo kidogo kama stempu, waya wa iafoni, zile spika ndogo za masikioni, unaning'inia. Alikuwa amekuja kuniomba nimchangie hela ya iafoni za Bluetooth. "Mjomba," akaniambia, "hivyo vitu vilishakufa. Simu inacheza kila kitu, na waya ni mambo ya zamani." Kwetu kusini neno la mpwa halipiti hivi hivi mbele ya mjomba wake, kwa hiyo nimekaa nalo siku kadhaa nikilipima. Mengi aliyoyasema ni kweli. Lile aliloliacha ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na yale ya kweli. Hata kampuni iliyoupa mtindo huu jina kubwa imeachana nao: Apple ilitambulisha iPod, kidude chake cha nyimbo, Oktoba 2001, na Mei 2022 ikatangaza kwamba haiitengenezi tena. Ni kampuni hiyo hiyo iliyoziba tundu la iafoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na wengine wengi wakafuata kwenye simu zao za bei kubwa. Ubora wa sauti nao hauwezi kuwa silaha yangu. Simu ya kawaida ya leo inatoa sauti safi kabisa, na anayekwambia kwamba MP3 ya bei ndogo inaimba vizuri kuliko simu yako anataka tu kuuza. Iafoni zisizo na waya hazinasi kwenye kitasa cha mlango, hazivutwi na mtoto uliyempakata, na simu ikiita unaongea nazo hapo hapo. Zipo hata zinazofifisha kelele: zina maikrofoni inayosikia mngurumo wa nje, kisha zinatoa wimbi la kinyume ili mawili hayo yauane. Kwenye basi hizo zinafanya kazi kweli, kwa sababu mngurumo wa injini, ule mzito usiobadilika, ndio zinaouweza kuliko kelele nyingine zote.

Lipo pia jambo la haki ya msanii, nalo linaniuma. Nyimbo zilizojaa kwenye memori kadi nyingi za mji huu ziliwekwa na kijana mwenye kompyuta. Unampa hela kidogo, anakujazia folda zima: singeli, taarabu, Bongo Fleva, kaswida, kwaya. Aliyeimba haoni hata senti. Anayesikiliza kwa programu ya simu, hata ile ya bure yenye matangazo, walau kuna kitu, japo kidogo, kinachomfikia mwenye kazi. Mtu akinikamata hapo sina jibu la kumridhisha. Kadi yenyewe haina kosa, nyimbo zinaweza kununuliwa zikawekwa humo kihalali, na mawaidha mengi wenyewe hupenda yasambae bure. Lakini watu ninaowajua ambao hununua nyimbo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa chaji, ambayo watetezi wa MP3 huitaja haraka haraka na mara nyingi huikosea. Wimbo ulioko ndani ya simu, ukipigwa kioo kikiwa kimezimwa, hauli betri sana. Kinachokula ni kioo chenyewe, ni bando, na pia ni simu kuhangaika na mtandao dhaifu, maana mnara ukiwa mbali simu huongeza nguvu ya kurusha ili isikike. Mchukue basi mkulima wa Tandahimba msimu wa korosho, Oktoba au Novemba. Kutwa yuko chini ya mikorosho, mtandao unakuja na kuondoka, na simu ile ile ndiyo anayoitegemea kwa habari za mnada na za malipo. Umeme wa mikoa yetu tunaujua wenyewe, ingawa gesi inachimbwa hapa hapa Mnazi Bay. Unaweza kumshauri azime mtandao wa simu ili muziki usimalize chaji. Chaji ataiokoa kweli, na simu aliyokuwa akiisubiri haitampata. Kidude cha pembeni, kinachochajiwa mara moja kikaimba siku nzima, kinamwachia simu yake ifanye kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Na mikono yake je? Anayebangua korosho kwa mkono anajua mafuta ya ganda yanavyobabua ngozi. Kwa mikono hiyo huwezi kupapasa kioo cha simu kutafuta wimbo unaofuata. Kitufe unakibonyeza juu ya nguo, bila kukiangalia.

Tuliojaza nyimbo kwenye kadi tuliona faida nyingine mwaka 2024. Mei 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Siku chache kabla ya hapo, kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar eneo la Somanga, na magari yakasimama. Mwenye nyimbo zake mfukoni hakuzikosa siku hizo. Wimbo wa faili la MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde (kilobiti zikiwa nyingi, wimbo umechujwa kidogo) huchukua karibu megabaiti moja kwa kila dakika, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba nyimbo kama 8,000 za dakika nne nne. Hata uzipige mchana na usiku bila kupumzika, zitakupeleka zaidi ya wiki tatu.

Lakini hata haya yote ni ya pembeni. Mimi na mpwa wangu tulibishana kuhusu kidude, na sauti haitengenezwi na kidude, inatengenezwa mlangoni mwa sikio. Hapo ndipo naomba msomaji akae nami.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80, desibeli zikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Saa 40 zinaonekana nyingi. Mtego uko kwenye namna desibeli zinavyopanda: kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni inakuwa mara mbili, na muda wa usalama unakatwa nusu. Desibeli 83, saa 20. Desibeli 86, saa 10. Desibeli 89, saa 5. Ukifika 92 umebakiwa na saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Na desibeli 3 ukizisikia huzioni kuwa kitu. Ni kubonyeza kitufe cha sauti mara moja au mbili, kwa sababu dereva amekanyaga mafuta na dirisha la jirani limefunguliwa.

Sasa panda basi asubuhi Mtwara, mbele yako zaidi ya kilomita 550. Tuseme kelele za ndani, injini na upepo pamoja, ni desibeli 75. Iafoni ulizovaa ni zile ngumu za plastiki zinazoegeshwa tu nje ya tundu la sikio, ziwe na waya au za Bluetooth. Hazizuii kitu. Ili maneno ya mwimbaji yasikike unaupandisha muziki juu ya kelele kwa desibeli 10, umefika 85, na hapo posho yako ya wiki ni kama saa 12 na nusu. Ukisikiliza mfululizo mpaka Dar, safari moja imekula sehemu kubwa ya posho hiyo, na bado hujarudi, na bado hujasikiliza chochote siku nyingine. Sasa chukua iafoni zenye mpira laini unaoingia ndani ya tundu na kuliziba sawasawa. Ukikata kelele kwa desibeli 15, basi sasa linakufikia kwa 60, na muziki wa desibeli 70 unasikika vile vile ulivyokuwa ukiusikia ule wa 85. Kwa 70 huna haja ya kuhesabu saa.

Wimbo ni ule ule na basi ni lile lile. Kilichobadilika ni kipande cha mpira kidogo kuliko punje ya korosho. Na kilicho upande wa pili wa hesabu hii ni vinywele vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti, ambavyo kwa binadamu vikifa havioti tena. Mtu haanzi kwa kuwa kiziwi. Anaanza kwa kusikia mlio mwembamba usiku kumetulia, kisha anaomba watu warudie walichosema, kisha anaongeza sauti zaidi, na kila akiongeza anausogelea uziwi. Nimewaona vijana wa bodaboda na wa vibandani wakifika hapo kabla ya miaka 30. (Bodaboda wenyewe wasizibe masikio barabarani hata kidogo, iafoni iwe nzuri vipi.)

Ndiyo maana nausimamia waya. Kwenye iafoni ya waya hela yako inakwenda kwenye spika na kwenye mpira. Kwenye ile isiyo na waya, hela ile ile inagawanywa: betri mbili, ya tatu kwenye kiboksi chake, chipu, maikrofoni. Kwa mwenye hela nyingi si tatizo, anapata vyote na kufifisha kelele juu yake. Kwa mwenye hela ya kijana wa chuo, kinachopunjwa ni sauti. Halafu betri zile, ndogo kama punje ya harage, zimefungiwa ndani. Miaka ikipita zinachoka, na fundi hana pa kuingilia. Waya nao unakatika, tena unakatika sana, karibu kila mara pale unapoingia kwenye pini. Ila hapo fundi simu anachukua chuma chake cha kuyeyushia risasi, anakata, anaunga, unaondoka. Na kwenye MP3 nyingi za bei ndogo zenye redio, waya wa iafoni ndio antena. Ukiuchomoa redio inabaki kukwaruza.

Kuoanisha kidude na iafoni kunawachanganya watu bure. Tazama namba mbili kwenye boksi. Ya kwanza ni ukinzani, yaani jinsi iafoni inavyouzuia umeme, unaoandikwa kwa omu (Ω). MP3 ndogo ina msukumo mdogo wa umeme, tuseme nusu volti. Nusu volti hiyo kwenye iafoni ya omu 16 inaweza kutoa miliwati 15. Kwenye hedifoni kubwa ya studio yenye omu 300 haifiki hata miliwati moja. Kwa hiyo kijana anayenunua hedifoni ya studio kwa sababu ameona watayarishaji wa muziki wanaivaa, kisha anaichomeka kwenye MP3, atapata sauti ndogo kuliko alivyotarajia na kulaumu kidude. Kaa kati ya omu 16 na 32. Namba ya pili ni wepesi wa kuitika, desibeli kwa kila miliwati. Ikiwa 100 au zaidi imetosha; iafoni ya namna hiyo inafika desibeli 80 kwa sehemu moja ya mia ya miliwati, na hakuna kidude kinachoshindwa hiyo. Wanaonunua iafoni za bei kubwa zenye spika kadhaa ndani ya kila sikio wana la ziada la kuangalia: ukinzani wa kidude chenyewe usizidi moja ya nane ya ule wa iafoni, la sivyo besi na sauti za juu zitapinda. Wengi wetu hatufiki huko.

Udanganyifu mkubwa uko kwenye kadi. Zinauzwa kadi zinazojitangaza GB nyingi kwa bei ya kutupwa, ndani kuna chache. Ukijaza, nyimbo za mwisho zinakufa au zinafuta za mwanzo. Ijaribu kabla siku hazijapita: jaza mpaka pomoni, kisha piga nyimbo za mwanzo na za mwisho kabisa. Angalia pia kidude kinasoma mpaka GB ngapi, maana vingi vya bei ndogo vinaishia 32. Na wimbo uliotolewa kwenye video ya intaneti kisha ukaandikwa kilobiti 320 haujawa wa 320. Kilichochujwa mara ya kwanza hakirudi, na kuuchuja mara ya pili ni kuupunguza tena.

Nimemwambia mpwa wangu mchango wangu upo. Kama anataka za Bluetooth anunue, mradi ziwe za mpira unaoingia ndani, na ajue ipo siku betri zitamwacha. Kama atanisikiliza, theluthi moja ya hela iende kwenye kidude, theluthi mbili kwenye iafoni, wala asizitegemee zile zinazokuja bure ndani ya boksi. Akifika dukani aombe saizi zote tatu za mipira, na asianze kwa kupiga muziki. Azivae, afunge mdomo, atoe sauti ya "mm". Ikisikika ya kawaida, mpira ni mdogo, abadilishe. Ikivuma ndani ya kichwa kana kwamba ameingiza uso kwenye mtungi, sikio limeziba, na hiyo ndiyo saizi yake. Masikio mawili si lazima yalingane, kwa hiyo ajaribu moja moja.