Kisiwa Kisicho na Simba

Nimezaliwa Mwanza, nimekulia Mwanza, na kwa miaka 52 nimeishi kwa amani na Ziwa Victoria kwa sababu kila mmoja wetu amebaki mahali pake. Mimi hulitazama nikiwa juu ya mwamba, lenyewe huniletea sato, na hakuna aliyemdai mwenzake zaidi ya hapo. Mpango huu mzuri uliharibiwa na shemeji yangu, kaka yake Mama Neema, aliyekuja kwetu Jumapili moja, akala sahani mbili za wali, akajipangusa mdomo na kutangaza kwamba familia yetu imechoka na inahitaji kwenda kupiga kambi katika Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya wanyama iliyomo ziwani humo humo.

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeketi.

Naomba nieleweke hapa. Nimejenga nyumba kwa miaka 11, mwaka huu tofali, mwaka unaofuata bati, mwingine nondo za madirisha na nyavu za mbu, na jasho lote hilo lilikuwa na shabaha moja, kwamba mimi na familia yangu tusilale chini, nje, tukitenganishwa na giza kwa kitambaa. Sasa mtu ambaye mpaka leo ni mpangaji ananieleza kwamba kulala chini, nje, ndani ya kitambaa, ndiyo mapumziko yenyewe, tena yanalipiwa.

"Wasiwasi wa nini, shemeji?" akaniuliza. "Rubondo hakuna simba."

Mama Neema akaidaka sentensi hiyo kama golikipa na hakuiachia tena. Nilipotaja mvua, nikaambiwa hakuna simba. Nilipotaja mgongo wangu, ambao daktari ameushauri ulale juu ya godoro gumu, nikaambiwa hakuna simba. Na ni kweli tupu, kisiwani humo hakuna simba, wala chui, wala fisi. Kosa langu ni kwamba sikuuliza kuna nini.

Tukaondoka Ijumaa alfajiri. Tulipokaribia Kigongo nilikuwa nimejiandaa kuilalamikia foleni ya kivuko, kwa kuwa nimeilalamikia tangu ujana wangu na kazi hiyo naimudu vizuri, lakini tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 hivi kutoka Kigongo hadi Busisi, nasi tukalivuka ghuba zima kabla sijamaliza kukohoa. "Haya, Baba Neema, leo utalalamikia nini?" mke wangu akauliza. Nikamwambia anipe muda.

Tukapita Sengerema, tukapita Geita, mpaka tukafika ufukweni Kasenda, ambako boti hupakia watu wanaokwenda hifadhini. Hapo nilikabidhiwa jaketi la kuelea majini. Niliingiza mkono wa kwanza, nikaingiza wa pili, na vifungo vya mbele vikatazamana kwa mbali kama ndugu waliogombana kuhusu shamba. Nilivuta pumzi, nikavuta na mikanda, huku abiria wote wakiwa wameshakaa na injini ikinguruma, hadi kijana wa boti aliponisogelea kwa adabu kubwa na kuninong'oneza, "Shikamoo mzee. Hilo ni la mtoto." Neema, ambaye ana miaka 16 na simu, alikuwa ameshapiga picha.

Upande wa pili tulipokelewa Kageye na askari wa hifadhi, kijana mpole anayekipenda kisiwa chake, ambaye alitueleza kwamba Rubondo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977 na kwamba ina ukubwa wa kilomita za mraba 456.8. Nikauliza, kwa nia njema kabisa, kama zote hizo ni nchi kavu. Akasema hapana, karibu nusu ni maji. Nikageuka kumtazama shemeji. Nusu ya hifadhi ni Ziwa Victoria, lile lile ambalo nyumbani nalitazama bure.

Kuhusu hema sitasema mengi, kwa sababu shinikizo langu la damu halitaki. Nililinunua kwa muuzaji ambaye sitamtaja, na karatasi ya maelekezo ilisema wazi kuwa ndani ya mfuko kuna nguzo saba. Nilizihesabu mara tatu, nikazipanga kwenye nyasi kwa urefu, nikazihesabu tena. Zilikuwa sita. Nilimsema muuzaji yule kuanzia pale hadi jua linazama. Nilisema juu ya uaminifu wa wafanyabiashara wa siku hizi, juu ya mizani, juu ya vijana wasiojua kuhesabu, na Mama Neema akanisikiliza huku akikata tawi kavu na kulifunga kwa upindo wa kanga yake mahali pa nguzo ya saba. Hema likasimama. Lilisimama kama mtu mwenye kiharusi, upande mmoja ukiwa umelegea, lakini lilisimama.

Ni wakati huo askari alipoamua kutusimulia habari za sokwe. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani, yule yule mtetezi wa wanyama wa Serengeti, alileta Rubondo sokwe kumi na kadhaa ambao walikuwa wamefungiwa katika mabustani ya wanyama ya Ulaya. Wakafunguliwa na kuachwa porini bila kufundishwa chochote. Hawakuwa wanajua tunda gani la msitu huu huliwa wala mti gani hulaliwa, na bado, alisema kijana yule huku macho yake yakiangukia hema langu bila kukusudia, baada ya muda si mrefu walikuwa wakijitafutia chakula na kujijengea viota juu ya miti, kila jioni kiota kipya. Wajukuu na vitukuu vyao wako humo msituni hadi leo.

Hakuna aliyesema neno. Shemeji alikohoa. Neema akauliza kama sokwe wale walikuwa na karatasi ya maelekezo.

Niliuliza kama kuna mnyama yeyote hapa aliyezaliwa kwao, maana ilibainika kuwa tembo nao waliletwa, twiga waliletwa, na hata kasuku wa kijivu waliookolewa kutoka mikononi mwa walanguzi waliachiliwa huku huku. (Nimejaribu kumpigia picha kichwani twiga akivushwa ziwa, shingo ikiwa imesimama kama mlingoti, na najiuliza kama na yeye alipewa jaketi la mtoto.) Askari akasema wapo wenyeji wengi, nao ni nzohe, pongo, tumbili, kanu, fisi maji, mamba na viboko. Aliitaja orodha hiyo haraka haraka, na nakiri kwamba sikuisikiliza kwa makini, hasa mwishoni.

Tumbili walijitambulisha wenyewe. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na sisi ni raia wema, chakula chetu tulikitia katika kikapu cha ukindu chenye mfuniko, ambacho mke wangu alikifunga kwa kamba fundo mbili. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kilipo. Alikuja tumbili mmoja tu, dume lenye uso mweusi na tabia ya mkaguzi, akakaa kando ya kikapu, akalitazama fundo, akanitazama mimi, kisha akalifungua kwa vidole viwili kwa utaratibu ambao mimi sijawahi kuufikia hata kwa kamba za viatu vyangu. Alipekua. Vitunguu alivitoa na kuviweka pembeni. Mkate aliuminya, nadhani kuona kama ni wa leo. Mwishowe akabeba ndizi zote za kuiva, akapanda mtini, akaketi juu ya kichwa changu na kula moja baada ya nyingine huku akinidondoshea maganda. Nilipopiga makofi kumfukuza, shemeji alinikumbusha kuwa kanuni zinakataza kuwabughudhi wanyama. Hakuna kanuni inayowakataza wao.

Joto lilipozidi nilifikiria kuoga ziwani, jambo ambalo laonyesha jinsi nilivyokuwa nimechanganyikiwa. Kulikuwa na kibao kinachokataza kuogelea. Nikadhani ni urasimu wa kawaida, mpaka gogo lililokuwa limelala mchangani, karibu na mahali nilipokusudia kuacha kandambili zangu, lilipofumba kinywa na kuteleza majini bila kutoa hata sauti. Nilirudi kambini kwa mwendo ambao Mama Neema anasema hajauona tangu siku ya mahari.

Sasa niseme habari ya usiku, nami nitasema taratibu kwa sababu hapo ndipo roho inaponiuma. Mahali pa kusimamisha hema nilikuwa nimepachagua mimi. Askari alipendekeza tukae juu zaidi, karibu na miti, penye mizizi na vumbi, lakini mimi nilikuwa nimeona karibu na maji uwanja mdogo wa nyasi fupi, laini, zilizokatwa sawasawa kama za nyumba ya mkuu wa mkoa. Nikasema mgongo wangu utalala hapo na si kwingine, nikamsifu na yeyote aliyezifyeka. Askari akasema, "Mzee, hapo ni kwao." Nikadhani anamaanisha watalii waliotangulia kulipia.

Mfyekaji alikuja saa nane usiku.

Kwanza nilisikia maji yakichuruzika, kama mtu ametoka kuoga na hana taulo. Kisha ardhi ikapokea hatua moja, nzito, na godoro langu la kujaza upepo likanyanyuka kidogo na kushuka. Halafu ukaanza mraruko: kraaap, kimya, kraaap, kimya, kama mtu anayechana kanga kuukuu kwa mikono miwili na kusimama kila mara kuikagua. Ulikuwa upande wangu. Ukuta wa hema, ule uliolegea kwa kukosa nguzo ya saba, ulikuwa ukinigusa shavuni, na upande wa pili wa ukuta huo kulikuwa na pumzi ya moto yenye harufu ya matope na bustani. Kesho yake niliarifiwa kuwa kiboko anaweza kula kilo 40 hivi za majani kwa usiku mmoja. Naamini. Nilizisikia zote.

Tatizo, wasomaji wangu, si kiboko peke yake. Tatizo ni kwamba saa nne usiku nilikuwa nimekunywa vikombe vitatu vya chai ya tangawizi, na mtu wa rika langu akishakunywa chai tatu huwa ana miadi saa nane. Choo kilikuwa hatua 60 kutoka hemani. Nilikuwa nimezihesabu mchana, nikaona ni karibu. Nilimgusa mke wangu begani, nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa kuwa nje kuna kitu. Hakufumbua hata jicho.

"Baba Neema, lala. Hakuna simba."

Nililala chali hadi saa kumi na moja, miguu imepishana, nikiwaza mambo makavu: saruji, Dodoma, unga. Kiboko alifyeka mbele ya hema, akafyeka ubavuni, akajikuna mahali fulani kwenye kamba yetu moja hivi kwamba familia nzima ikayumba, na mtu pekee aliyeyaona hayo akiwa macho ni yule ambaye hakutaka kuja. Kulipoanza kupambazuka alirudi majini bila haraka, kama mtumishi aliyemaliza zamu, na furukombe akapiga ukelele wake juu ya mti kuutangazia umma kwamba sasa naruhusiwa kutoka. Nilizikimbia zile hatua 60. Nadhani zilikuwa 25.

Siku iliyofuata tulihamia juu, penye mizizi na vumbi, na sikutoa maoni. Tulitembea saa nne msituni kuwatafuta sokwe, ambao wana busara ya kuwakwepa watu wanaowafuata na wifi zao, wakwe zao na vikapu vyao, kwa hiyo hatukuwaona. Tulichoonyeshwa ni kiota. Kilikuwa juu sana, kwenye panda ya mti. Matawi yalikuwa yamekunjwa kuelekea katikati na kukandamizwa, yakatandikwa majani juu yake, na hakikulegea upande wowote. Wenzangu waliendelea na safari. Mimi nilibaki chini yake kwa muda, shingo nikiwa nimeipinda, nikikichunguza jinsi fundi anavyochunguza nyumba ya fundi mwenzake akitafuta kasoro. Sikuipata.

Jumatatu tulirudi bara. Njia nzima ndani ya boti nilimsimulia nahodha juu ya muuzaji wa mahema na nguzo yake ya saba, naye akakubali kuwa watu wamekuwa wabaya. Nilimsimulia pia kijana wa jaketi. Tulipofika Kasenda nikafungua gari, nikainama kutafuta chupa ya maji chini ya kiti cha dereva, na mkono wangu ukagusa kitu chembamba, cha baridi, chenye urefu wa mita moja na nusu, nilichokuwa nimekificha hapo mwenyewe Ijumaa alfajiri ili kisipotee.

Nilitazama nyuma. Mama Neema alikuwa akipanga vyombo, Neema yuko kwenye simu, shemeji anamweleza mtu kwamba Desemba tutakwenda tena. Nikaisukuma ile nguzo ndani kabisa, nikaifunika kwa zulia la gari, na tulipofika Geita nikaanza upya kumsema yule muuzaji, ila kwa sauti ya chini kidogo.